Chakula cha Kapitao

Ihanda, Mbozi
9 Februari 1953

Kwa mdogo wangu Enoka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima kiasi chetu. Mvua imekuwa nzuri, mahindi yamefika kiunoni, ila maharage yameozea shambani kwa maji. Shangazi Roda miguu bado inamsumbua. Jumapili mzee Yonasi humpakia kwenye baiskeli yake mpaka kanisani, na shangazi hufunika uso kwa kitenge ili watu wasimcheke. Anakusalimu, na anauliza kama koti la marehemu baba bado unalivaa.

Anayeandika ni Sekela, mke wa Lusungu. Mimi nasema na yeye anaandika kama siku zote, kwa hiyo mwandiko mzuri usikudanganye ukadhani nimesoma uzeeni.

Kilichonifanya nikuandikie ni mbwa. Unamkumbuka Kapitao, mbwa wa mwanangu Lusungu. Tulimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alikuwa akituzunguka shambani kama msimamizi wa kazi. Tangu Krismasi hali yake si nzuri. Mbavu zote zinaonekana, manyoya ya mgongoni yametoka, ugali anaunusa tu na kuuacha, na akila kidogo anatapika. Lusungu alipoondoka kuja huko kwenu mwaka wa 1949, pale barabarani aliniambia neno moja tu: "Mama, nitunzie mke wangu na mbwa wangu." Mke yuko hapa, anaandika. Mbwa anataka kunifia.

Sekela huchuma kahawa kwenye shamba la mzungu msimu ukifika, na ameona mbwa wa pale wakipewa chakula cha kopo kutoka dukani. Anasema wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Wewe unafanya kazi katika duka la Wazungu. Tuambie chakula kipi ni bora kweli, chenye kumpa mbwa nguvu, kisiwe cha kupendeza kopo tu. Na mwambie Lusungu. Barua yake ya mwisho ilikuja Desemba ya mwaka juzi. Pengine barua zinapotea Tunduma pale mpakani, sijui.

Wako dada,
Nesta

*

Luanshya, Rodezia ya Kaskazini
15 Machi 1953

Dada Nesta, shikamoo.

Barua yako ilinifikia baada ya wiki tatu. Namshukuru Mungu kwa mvua. Mwambie shangazi Roda koti ninalo, ingawa mkono mmoja umeliwa na nondo na mimi mwenyewe nimekonda, kwa hiyo linanicheza mwilini. Tangu Tabita wangu afariki najipikia mwenyewe, na wewe unajua upishi wangu.

Sasa habari ya mbwa. Dukani kwetu kuna rafu nzima ya vyakula vya mbwa na mimi ndiye ninayeipanga, lakini sikuwahi kujiuliza kipi ni kipi. Kuna bibi mmoja wa Kizungu, mjane, ana mbwa wanne. Nilipokuwa nambebea mizigo mpaka kwenye gari lake nikamwuliza. Alinitazama kwanza, halafu akanieleza kwa utulivu kama mwalimu. Alisema: "Usinunue picha ya mbwa iliyo kwenye kopo. Soma maandishi madogo ya pembeni. Ukikuta nyama au maini yametajwa kwanza, hicho ni chakula. Ukikuta pumba au unga umetajwa kwanza, unanunua uji." Akasema pia kwamba mbwa mzee hapewi cha mbwa mdogo, na kopo lililovimba litupwe hata kama ni jipya.

Nimewatumia mfuko wa biskuti za mbwa, za aina ambayo bibi yule huwapa wa kwake. Zimetengenezwa kwa nyama iliyokaushwa na unga wa mifupa, na haziharibiki njiani. Watson, dereva wa lori, atauacha Tunduma dukani kwa Kasiani. Msimbadilishie mbwa chakula kwa siku moja, tumbo litakataa. Changanyeni kidogo na ugali, siku ya pili mwongeze, mpaka wiki iishe. Maji safi yawepo wakati wote, kwa kuwa biskuti ni kavu.

Lusungu anawasalimu. Aliposikia habari za Kapitao alisikitika sana. Mfuko huo ameuchagua na kuununua yeye mwenyewe. Zamu za mgodini zinamchosha, ndiyo maana haandiki.

Ndugu yako,
Enoka

*

Ihanda
20 Aprili 1953

Kwa Enoka,

Sote tunakusalimu. Shangazi Roda ameanza kutembea na fimbo mpaka jikoni. Mahindi tunachoma sasa, watoto wa jirani wanashinda hapa. Chumvi ilipotea madukani wiki mbili, sasa imerudi.

Mfuko umefika. Sekela alikwenda Tunduma kwa miguu, akalala kwa mke wa Kasiani, akarudi nao kichwani kesho yake. Nilimwambia apumzike, akasema kwanza mbwa ale. Zile biskuti tumezitwanga kwenye kinu, tukazilowesha kwa maji ya moto, tukachanganya na ugali kama ulivyosema. Siku ya kwanza alilamba tu. Siku ya nne alimaliza bakuli. Sasa ni wiki mbili hajatapika, na juzi alimkimbiza kuku wa jirani, jambo ambalo kwa kweli lilitufurahisha, ingawa tuliomba radhi.

Watu wanasema. Kuna aliyeniambia kanisani kwamba nyumba yangu inakula mboga za majani na mbwa anakula nyama. Sikumjibu. Sekela alimjibu, kwa adabu: "Mume wangu amemletea mbwa wake. Mimi natumwa tu." Tangu siku ile anaimba akifua. Nilikuwa nimesahau kama ana sauti.

(Mama anasema niandike hivyo hivyo. Mimi nimekataa, ameninyang'anya kalamu mpaka nikubali, basi nimeandika.)

Mwambie Lusungu aandike mwenyewe, hata mistari miwili.

Dada yako,
Nesta

*

Luanshya
30 Mei 1953

Dada Nesta, shikamoo, na salamu kwa Sekela.

Nimefurahi sana kusikia mbwa amepona tumbo. Baridi imeanza huku, asubuhi vidole vinakataa kushika. Kazini salama.

Sasa nawatumia makopo kumi na mawili, ya nyama na maini. Kuyapata ilikuwa kazi. Mimi nafanya kazi ndani ya duka, lakini nikitaka kununua inanibidi nitoke nje nikasimame dirishani na Waafrika wenzangu. Karani alipoona nataka chakula cha mbwa akawaita wenzake. "Ni cha mbwa, au cha kwako na ugali?" Nikamwambia ni cha mbwa wa mtoto wangu. Wakacheka, wakanipa makopo ya bei ndogo, yale ya uji. Nikayarudisha. Nikasema nataka yale yaliyoandikwa nyama kwanza. Hapo wakanipa bila kucheka, maana hawakujua kama nasoma.

Kopo moja litoshe siku mbili, likichanganywa na ugali laini. Likishafunguliwa lisikae zaidi ya siku ya pili, na msiliache wazi, nzi watataga. Tazameni manyoya na macho yake, na tazameni choo chake. Kikiwa kigumu na kidogo, chakula kinaingia mwilini. Hayo yote nimeambiwa na yule bibi.

Lusungu ameumia kidole cha mkono wa kulia, si jambo kubwa, ila kalamu hawezi kushika. Makopo ni mkono wake pia. Anasema asante kwa kumtunzia.

Enoka

*

Ihanda
28 Juni 1953

Enoka,

Barua hii inaandikwa na mzee Yonasi, mzee wa kanisa, nyumbani kwake. Sekela hajui kama nimekuja. Nimemwambia naenda kumwona shangazi Roda, na nimepita kweli kumwona, ili nisiwe mwongo kabisa.

Sitazunguka. Lusungu hakununua biskuti zile.

Mwaka mmoja kabla ya Lusungu kuondoka, wewe ukiwa huko, nguruwe pori alimwangusha bondeni. Kapitao alimrukia nguruwe yule. Alivunjwa taya la kushoto na meno ya upande huo yakaisha. Mwezi mzima Lusungu alimlisha kwa mkono, akimpondea maharage kwa vidole vyake mwenyewe. Tangu siku hizo mbwa huyu hatafuni kitu kigumu. Mtu aliyempondea maharage mwezi mzima hawezi kumchagulia biskuti ngumu kama mawe. Nilipoufungua mfuko nilijua.

Nilitwanga, nikanyamaza. Sekela naye alizishika, akasema: "Amesahau taya. Miaka minne ni mingi." Akachukua mchi.

Ningeendelea kunyamaza, lakini sasa lipo jambo. Baba yake Sekela alikuja kutoka Ikinga juma lililopita. Mwalimu wa shule ya kule, Lusubilo, amefiwa na mke, ana binti mmoja mdogo. Ameuliza kwa heshima kama Sekela bado ana mume. Baba yake alilileta swali hilo kwangu, mbele ya Sekela. Sekela alijibu mwenyewe, akiwa amepiga magoti anamlisha mbwa. Alisema, "Baba, mtu anayemkumbuka mbwa wake hawezi kuwa amemsahau mke wake."

Baba yake akatazama makopo yale yamepangwa ukutani, akaona ni kweli.

Mwalimu amesema atasubiri mpaka mavuno yaishe. Ni mtu mpole, hanywi. Sekela ana miaka ishirini na sita.

Enoka, mwanangu yu hai? Nijibu kwa mzee Yonasi. Ukweli wowote ulio nao, nitaubeba. Lakini nijibu upesi.

Nesta

*

Ihanda
17 Agosti 1953

Enoka,

Anaandika mzee Yonasi tena.

Makopo mengine kumi na mawili yamefika kwa Kasiani, na ya kwanza bado hayajaisha, maana Sekela anayabania, anafungua moja kwa juma. Barua haikuwamo. Nilimtuma mtu amwulize Watson, akasema wewe u mzima, ulimpa mzigo na kumwambia huna maneno.

Mavuno yamekwisha. Lusubilo alituma mtu kuuliza mara ya mwisho, na Sekela alirudisha jibu lile lile. Jumapili iliyopita walitangaza kanisani Ikinga kwamba anamwoa Jenista, binti wa mwinjilisti. Sekela alipopata habari alisema Jenista ni msichana mzuri.

Nangoja.

Nesta

*

Luanshya
2 Septemba 1953

Dada yangu Nesta,

Sina haki ya kuanza na salamu, lakini shikamoo.

Lusungu yu hai. Ni mzima. Hajaumia kidole wala kitu chochote. Anakaa mtaa wa nne kutoka kwangu, ana mwanamke hapa na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Huyo wa kike amezaliwa mwezi wa Januari.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Nilimkuta nje anajinyoa, kioo amekitundika mlangoni. Nikamwambia, "Kapitao anaumwa."

Akasema, "Kapitao yupi?"

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Mbwa wako."

Akafikiri kidogo. "Yule mbwa bado yupo?" Kisha akaendelea kunyoa.

Nikamwambia mama yake anataka amtumie mbwa chakula. Akasema mwezi huu hana nafasi. Nikamwuliza, na Sekela je? Hapo aliacha wembe. Alikaa juu ya kizingiti na povu usoni, na nikaona kwamba huyu si mtu mbaya, dada, ni mtu aliyefunga mlango na sasa anaogopa kuufungua. Alisema, "Mjomba, nilikuwa nataka kuandika. Mwezi wa kwanza nilishindwa, mwezi wa pili nikaona aibu kwa ajili ya ule wa kwanza. Sasa nitaandika nini? Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nimekwenda kwake mara tatu zaidi. Mara ya mwisho mwanamke wake ndiye aliyefungua, akasema hayupo, na viatu vyake vilikuwa pale.

Kwa hiyo nikaandika kile nilichotaka kiwe kweli. Biskuti nilinunua mimi. Makopo ni mimi. Sikujua habari ya taya. Nilichukua kilicho bora kuliko vyote dukani, nikadhani kitu bora hakiwezi kukosewa.

Unaweza kuuliza kwa nini sikukuambia wewe. Ni ule mwandiko. Kila nilipoketi kuandika nilijua macho ya kwanza kusoma yatakuwa ya Sekela, na ulimi wake ndio utakaokusomea kwamba mumewe ana mwanamke mwingine. Nilishindwa kumfanya alisome jambo hilo kwa sauti. Kisha ikaja barua ya mzee Yonasi, kisingizio hicho kikaisha, na bado nilikaa wiki nyingi nikiiweka chini ya mto. Mimi ndiye niliyemleta Lusungu mgodini. Wewe ulikuwa hutaki, nikakuambia nitamwangalia. Mwezi wa Agosti nilipeleka makopo bila barua kama mwizi anayerudisha kitu kwa kukitupa uani.

Sijui la kukuomba. Nitaendelea kutuma chakula cha mbwa mkipenda.

Enoka

*

Ihanda
11 Oktoba 1953

Kwa mdogo wangu Enoka,

Marahaba. Salamu unastahili, usiogope kuzitoa.

Sisi wazima. Joto ni kali, tunangoja mvua, mashamba tumeshalima. Shangazi Roda ameiacha fimbo.

Anayeandika ni Sekela. Hakuna tena la kufichwa katika nyumba hii.

Mzee Yonasi alinisomea barua yako chini ya mti wa mfudu ulio uani kwake, akanisomea mara mbili, kisha akaondoka akaniacha nikae. Nilikaa mpaka kivuli kikanihama. Nilirudi nyumbani nikashindwa kusema. Siku nne nilizunguka nayo kifuani. Siku ya tano tulikuwa tunapalilia migomba, Sekela akasema bila kuinua kichwa, "Mama, amekufa?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Basi najua."

Akamaliza mstari wake. Akaenda akafungua kopo, akalichanganya na ugali, akamwita mbwa, akakaa karibu naye akimtazama anavyokula. Halafu akaingia ndani, akapanga makopo yaliyobaki katika gunia, akalifunga mdomo. Hakulia mbele yangu. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akanishika bega, kama mimi ndiye niliyeachwa. Pengine ni kweli.

Wiki iliyopita niliwaita wazee na baba yake. Nilisimama mbele yao nikasema mwanangu amemwacha mke huyu, si yeye aliyemwacha, na nyumba yetu haina dai lolote kwake wala kwa baba yake. Mzee mmoja alitaka kusema habari ya ng'ombe wa mahari. Nilimtazama akanyamaza. Kesho asubuhi kaka zake wanakuja kumchukua kwenda Ikinga. Kule atakuwa anakutana na mwalimu Lusubilo na Jenista kila Jumapili. Nilimwambia abaki hapa kama binti yangu. Alisema, "Mama, hapa nikibaki nitaendelea kusubiri. Mwili umezoea."

Kapitao anakwenda naye. Amenenepa kuliko sisi sote, manyoya yamerudi, yanang'aa. Ulichagua chakula chema, hilo sitakunyima. Lakini usitume tena. Makopo yaliyobaki Sekela atayapunguza kidogo kidogo, akiongeza ugali laini na mchuzi wa maharage ya kupondwa, mpaka mbwa arudi kwenye chakula cha nyumbani.

Lusungu usimlazimishe kitu. Akiuliza, mwambie mama yake ni mzima.

Sasa wewe. Nimewaza sana katika siku hizi. Miaka yote hii nilikuwa nikikuandikia kuuliza habari za Lusungu, na mke wako alikufa huko, ukamzika bila hata mmoja wetu kuwepo, nami nilikuandikia mistari mitatu tu ya pole, wa nne nikauliza kama Lusungu amepata viatu. Mtu aliyesimama dirishani akachekwa kwa ajili ya nyumba hii ni wewe. Nyumba itakuwa na mimi peke yangu kuanzia kesho. Rudi, Enoka. Usilete kitu.

Dada yako,
Nesta

Mjomba Enoka,

Maneno haya ni yangu mimi Sekela, mama hajaniambia niyaandike na sitamsomea. Nakushukuru kwa kumponya mbwa. Kila siku nilimlisha kwa mikono hii nikijua ni mkono wa mume wangu unaotoka mbali, na siku zile nilikuwa na furaha, siwezi kusema sikuwa nayo. Sikuchukii. Umenihurumia, najua.

Ila mwezi wa Juni Lusubilo alikuwa bado anasubiri.

Sekela